Careen wa Vurindi na Mbio Zisizotambuliwa

Wanaomjua Careen kwa ile video ya kwenye simu wanadhani ni msichana aliyeponzwa na kupenda sifa. Maneno hayo nimeyasikia stendi ya Same, nimeyasikia gulioni Kisiwani, na mara moja nusura nimrukie mtu aliyekuwa akiyasema huku anakunywa chai yake kwa raha. Mimi ni shemeji yake, Careen ni mdogo wa marehemu mke wangu, na hasira zangu ziko karibu. Nalisema hilo mapema ili msomaji asinilaumu mbele ya safari.

Kwetu ni Vurindi, milimani juu ya Kisiwani. Kiangazi gari hufika mpaka kanisani. Masika hufika nusu ya njia, dereva akazima injini na kuwaambia abiria wateremke, nauli akiwa keshaichukua. Kwa hiyo mazao yetu hushuka kwa vichwa vya akina mama na kwa baiskeli. Careen alikua akishusha ndizi na tangawizi kwa baiskeli ya baba yake, marehemu mzee Sifael, ambayo ilikuwa chuma kitupu, na breki yake ya nyuma ilishika pale ilipojisikia. Wanaume wazima walishuka mteremko ule wakiburuza soli za viatu chini. Yeye alishuka ameketi kitini, mkungu uko nyuma, akiimba pambio za kwaya ya vijana. Wakati wa kurudi kila mtu husukuma. Careen alisukuma pale palipomshinda tu, na kadiri alivyokua pakawa panapungua.

Siku moja ya gulio katibu wa chama cha baiskeli wa mkoa, Bwana Muhidin, alikuwa Kisiwani kwa mambo ya ukwe wake. Akaliona lile jichuma linapanda mlima na msichana wa kitenge juu yake, na gunia la chumvi kwenye keria. Akawasha gari akamfuata taratibu mpaka kanisani, gari linapoishia, kisha kwa miguu. Mama mkwe wangu alipoona mgeni amesimama uani anatweta na Careen hatweti, alidhani binti ameiba kitu.

"Shikamoo, Mama," Muhidin alisema. "Nimekuja kukuomba huyu binti."

"Marahaba. Kama ni posa, njoo na wazee wenzako."

"Si posa, Mama. Nataka aendeshe baiskeli."

"Sasa hapo anafanya nini?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Careen akahamia Same kwa mama yake mdogo, akapewa baiskeli ya mashindano, nyepesi mno kiasi kwamba mama mkwe wangu alipoinyanyua kwa mkono mmoja aliuliza nyingine iko wapi. Alfajiri alitoka kwenda Makanya na kurudi, upepo wa Same ukimpiga usoni, mabasi yakimpigia honi. Akashinda Moshi, akashinda Arusha. Akapata leseni yenye picha yake, na siku anakabidhiwa Muhidin alimkalisha chini akamweleza sharti moja: mwenye leseni haingii mbio zozote ambazo chama hakizitambui, hata ziwe za kumfurahisha nani.

Mimi nilikuwepo, nikaona ni roho mbaya tu ya watu wa ofisini. Muhidin akaniona ninavyokunja uso. Akatueleza kuhusu kijana mmoja aliyemfundisha yeye mwenyewe, aliyekwenda kushindana kwenye sherehe ya mtu mkubwa fulani. Barabara haikufungwa, daktari hakuwepo, bima haikuwepo. Lori likamchukua kwenye kona. "Mimi ndiye niliyempelekea mama yake ile baiskeli," alisema, "maana mwanawe alikuwa ameshapelekwa mochwari." Nikaukunjua uso.

Careen alilishika sharti lile kama anavyoshika amri za kanisa. Walimwita Hedaru kwenye bonanza la Pasaka, hakwenda. Walimwita Kileo, mshindi angeondoka na mbuzi, hakwenda. Vijana wa Same wakasema anaringa, amekuwa wa Ulaya. Aliwaacha waseme. Alikuwa na neno moja moyoni, nalo ni timu ya taifa ya vijana, iliyokuwa inaandaliwa kwa mashindano ya Afrika. Kupanda ndege na kuvaa jezi yenye bendera, hicho ndicho alichokitaka, na hakutaka kingine. Mwaka ule ndio uliokuwa wa mwisho kwake, kwa sababu timu ile ni ya walio chini ya miaka ishirini na tatu. Ukivuka hapo mlango wa vijana unafungwa, na mlango wa wakubwa una foleni ya wasichana wa mijini waliozaliwa juu ya baiskeli za mbio. Akaitwa kambini. Nilimsikia kwenye simu akicheka na kulia kwa pamoja.

Sasa nieleze lile jengo.

Mke wangu, Raheli, alifariki masika, akiwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza. Tulimbeba kwa machela kuelekea chini, mvua inanyesha, na hatukufika. Mtoto naye hatukumpata. Hayo nimeyasema, siyarudii. Baada ya msiba mama yake alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Aminieli, akamwambia anataka Vurindi pawe na chumba cha kujifungulia, na kwamba hataondoka hapo kwenye benchi mpaka asikie tarehe ya kuanza. Aminieli ni mtu mpole, haachi kumwogopa mwanamke aliyefiwa. Akaitisha msaragambo.

Kwa asiye Mpare: msaragambo ni kazi ya kijiji. Pembe inapigwa asubuhi upande wa mlimani, na kila kaya inatoa mtu. Mifereji yetu ya maji ilichimbwa hivyo, na shule, na barabara ile mbovu. Hakuna anayeuliza kazi ni ya nini wala italipwa na nani. Pembe ikilia unabeba jembe unakwenda, na kaya isiyotokea inasemwa mpaka wajukuu. Mimi ni fundi mwashi, kuta zile nilizinyanyua mimi, wenzangu wakinisombea mawe na mchanga. Nilizinyoosha kuliko nyumba yangu mwenyewe. Zikafika juu, na hapo tukakwama. Mabati hayachimbwi mtoni.

Ndipo akaja Sabrina, afisa masoko wa kampuni moja ya mabati kutoka Dar. Binti mdogo, mchangamfu, viatu vyeupe ambavyo mlima wetu uliviadhibu siku ya kwanza. Aminieli alimwonyesha kuta, akamweleza kwamba msaragambo unaokuja utakuwa wa kupandisha saruji ya lipu kutoka Kisiwani, wenye baiskeli kwa baiskeli zao, wengine kwa kichwa. Sabrina akapiga makofi.

"Hizo ni mbio!" alisema. "Mzee, tufanye mbio za baiskeli. Tunaleta bango, tunaleta namba, tunarekodi, na kampuni inatoa mabati ya jengo zima."

Aminieli alikubali kabla hajamaliza kusikia. Nani asingekubali? Kwake ilikuwa kazi ileile, imeongezewa vitambaa.

Careen alikuwa nyumbani kumuaga mama yake kabla ya kwenda kambini. Baiskeli ya mbio aliiacha Same. Asubuhi pembe ikalia. Mama goti lake lilikuwa limevimba, hawezi kushuka wala kupanda, na kaya ile ina watu wawili tu. Careen akafunga kitenge, akachukua chuma cha baba yake, akashuka. Watu wa mjini wananiuliza kwa nini hakuuliza kwanza kama chama kinazitambua. Huwa nawajibu kwa kuwauliza kama wao wakiitwa kubeba jeneza la jirani huomba kwanza kibali cha mwajiri. Ilikuwa msaragambo. Ilikuwa saruji ya chumba cha dada yake. Neno mbio halikumjia kichwani, na wala halikunijia mimi.

Kisiwani Sabrina na wenzake walikuwa wanagawa namba. Kila mtu alivalishwa, waliobeba kwa kichwa wakavalishwa, na bibi Mwanahalima aliyekuja kuuza maandazi akavalishwa pia, akawa anajitazama mgongo. Careen naye akafungwa ya kwake huku akiinamia mfuko wa saruji. Tukaanza kupanda. Hakukimbia. Naapa kwa kaburi la Raheli, hakukimbia. Alikwenda mwendo wake wa kila siku, na mwendo wake wa kila siku ukatuacha sote. Alipofika juu kulikuwa na utepe umekingamishwa njiani. Akaupita, akatua saruji mlangoni pa jengo, akageuka kurudi chini kuwasaidia waliochoka kusukuma. Ukiitazama ile video vizuri utaona mpiga picha anamfuata, anamwita, na yeye anamwonyesha kwa mkono kwamba ana kazi.

Video ikawa tangazo. Bingwa wa Vurindi, mabati imara kwa mlima imara, na muziki juu. Ikazunguka nchi nzima kwenye simu za watu. Kabla juma halijaisha, mtu aliipeleka chamani. Kuna wasichana wengine waliokuwa wanaitaka ile nafasi, na wana wazazi na wajomba. Siwalaumu sana. Ninawalaumu kidogo.

Careen akapigiwa simu asubiri nyumbani, asiende kambini, mpaka kamati ichunguze. Muhidin akapanda mlima mwenyewe, na Sabrina naye akapanda, kwa sababu wakubwa wake walikuwa wamesikia kwamba mbio zao zina maneno. Aminieli akatuita wote mle ndani ya kuta zisizo na paa. Tukaketi juu ya mawe yaliyobaki. Ukungu ulikuwa unaingia na kutoka juu ya vichwa vyetu.

Muhidin alisimama, kofia mkononi.

"Wazee shikamooni. Kamati imenituma na swali moja tu. Zile zilikuwa mbio, au ilikuwa kazi ya kijiji? Mkisema ilikuwa kazi, na zile namba zilikuwa mapambo, mimi nawaeleza hivyo leo hii kwa simu, na Careen anaingia kambini. Mkisema zilikuwa mbio, atafungiwa mwaka mmoja. Sitakuwa na la kufanya."

Tukapumua. Jibu lilikuwa jepesi na lilikuwa kweli. Nikamwona Careen anatabasamu chini ya kilemba chake, na nikafikiri, Bwana asifiwe, kumbe ni hivyo tu.

Kisha Sabrina akaomba kusema. "Naomba mnisamehe. Tangazo linasema zilikuwa mbio, na mabati yametolewa kama zawadi ya kijiji kilichofanya mbio. Chama kikitangaza kwamba hazikuwa mbio, kampuni itaambiwa imedanganya watu. Wameniambia wazi, wataondoa tangazo na mabati hayatapanda. Lori liko Same. Wanasubiri simu yangu." Akaketi akajifunika uso. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ukiwa na hasira unataka mtu mbaya wa kumshushia.

Katika mambo ya msaragambo, anayeulizwa kwanza ni mwenye kaya inayohusika, na akishasema, kijiji hakimsahihishi. Macho yote yakamgeukia mama mkwe wangu. Tangu Raheli azaliwe kijiji kizima kinamwita Mama Raheli, na hata baada ya kumzika hakuna aliyethubutu kumbadilishia.

Alisimama kwa kujisaidia na ukuta. Akautazama ule ukuta kidogo, akaupapasa. Nilitaka aseme ilikuwa kazi, na nilitaka lile lori lipande, na nilijua siwezi kuvipata vyote viwili. Wala sikuwa na haki ya kufungua mdomo, maana mkwe hapingwi hadharani, na mkwe huyu alikuwa amenipa mwanawe nikamrudisha kwa machela.

"Bwana Muhidin," alisema, "wewe umemfanyia mwanangu mema, Mungu akulipe. Lakini umeuliza, nakujibu. Zilikuwa mbio. Alivaa namba, wenzake wakavaa, akawashinda. Mwaka mmoja si mwingi. Atakaa, utaisha."

Muhidin alifungua mdomo. Alitaka kumwambia kuhusu umri, niliona, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeukumbuka wakati uleule. Mama alikuwa hajui. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba mlango una umri. Kwake timu ilikuwa kama kwaya, ukikosa Pasaka hii utaimba ijayo. Lakini Careen alimtazama Muhidin, akatikisa kichwa, mara moja tu, kidogo sana, na yule mzee akaufunga mdomo wake.

"Careen," Muhidin alisema. "Leseni ni yako, si ya mama yako. Nataka nisikie kwako."

Careen akasimama. "Mama amesema."

"Nakuuliza wewe."

"Nilishindana," akasema. "Niandikie hivyo."

Muhidin akatoka nje ya kuta akapiga simu amegeukia bondeni. Sabrina naye akapiga ya kwake. Muhidin aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akamshika Careen bega, akaenda zake. Sijawahi kumchukia mtu nikamhurumia kwa wakati mmoja kama siku ile.

Mabati yalipanda. Paa ni hilo, linang'aa, ukiwa Kisiwani asubuhi unaliona. Wanawake wamejifungulia mle, na siku nyingine nikipita kwenda shambani nasikia kichanga kinalia, nasimama njiani na jembe langu mpaka kinyamaze. Timu ilikwenda bila Careen. Msichana aliyechukua nafasi yake hakumaliza, alianguka, na Careen alipoiona habari ile alisikitika kweli, akampelekea ujumbe wa pole. Siku hizi yuko Vurindi. Baiskeli ya mbio aliirudisha mwenyewe chamani kabla hajaambiwa. Anashusha tangawizi. Watu wakimwita bingwa gulioni anawachekea, anawauzia, anapanda zake.

Lakini hayo yote si kitu mbele ya jioni ile ya mkutano, nayo sijamweleza mtu yeyote mpaka leo.

Mama alikuwa amepika makande. Mimi kwa heshima ya ukwe siingii jikoni kwake, hukaa kibarazani na sahani yangu, mlango ukiwa wazi. Wao wawili walikuwa ndani karibu na moto. Kwa muda mrefu nilisikia vijiko tu, tena kijiko kimoja.

"Careen, mbona huli?"

"Nakula, Mama."

"Umenikasirikia."

"Sijakukasirikia."

"Nilipokuwa nasimama pale nilimwona dada yako," Mama alisema. "Nikasema moyoni, huyu mmoja anaweza kusubiri, yule hakuweza. Mwaka ni mdogo. Nimekosea?"

"Hukukosea."

"Ukiisha si watakuita tena?"

Nikauona mkono wa Careen umesimama juu ya sahani, mwanga wa moto ukiupiga. Alikuwa ametimiza miaka ishirini na miwili, na mwaka ukiisha hakuna ambaye angemwita.

"Wataniita, Mama."

"Na ile ndege utapanda?"

"Nitapanda."

Mama akawa anaonja neno lile kama lina chumvi. Kisha akainua sauti kuja nje. "Zephania, baba, wewe unayajua mambo ya huko mjini. Ni kweli watamwita?"

Careen akageuka akanitazama kupitia mlangoni. Hakulia. Alinitazama tu, akisubiri.

"Ni kweli, Mama," nilisema. "Mwakani watamwita."

"Basi Mungu ni mwema," alisema Mama, na sauti yake ilikuwa imekuwa nyepesi, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Raheli yuko hai. Akachukua upawa, akamwongezea Careen makande mpaka sahani ikajaa, akamwambia ale ayamalize yote, asije akafika mwakani hana nguvu.